Ile picha ya mbwa mwitu kwenye theluji, eti wagonjwa mbele na alfa nyuma: ni kweli au chai?

Kisoda wa Musoma (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba kujuzwa na wanaojua mambo ya wanyama. Kuna hii picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka nenda rudi, mbwa mwitu wamepanga mstari mmoja mrefu kwenye theluji, na maelezo yake ni kwamba wale watatu wa mbele ni wazee na wagonjwa, wao ndo wanapanga mwendo na wakivamiwa wafe wao kwanza, wanaofuata ni watano wenye nguvu, kisha kundi lenyewe, kisha tena watano wenye nguvu, na yule wa mwisho peke yake kabisa ndo alfa, yaani kiongozi, anawaangalia wote.

Juzi kazini tumeletewa mtu wa semina ya uongozi, slaidi ya kwanza tu ni hiyo picha, meneja anatikisa kichwa utadhani kaiandika yeye. Mimi nimekua na mbwa nyumbani na sijawahi kuona mbwa anamtanguliza mgonjwa popote pale. Halafu najiuliza, mgonjwa atapasuaje theluji inayomfika tumboni?

Naongelea wale wa kijivu wa Ulaya na Marekani ya kaskazini, sio hawa wetu wenye mabaka wa Selous. Wanaishije kweli huko porini? Hiyo habari ya alfa ipo? Na ni kweli mwenye nguvu anakula kwanza wengine wanasubiri?

Mtaa wa Saba

Meneja wenu anataka sababu ya kukaa nyuma siku kampuni ikivamiwa na TRA hahaha. Ngoja nikae hapa nisubiri wataalamu.

Porini Daima

Mkuu Kisoda hiyo ni chai. Picha ni ya kweli, maelezo ndo ya kutunga. Ilipigwa na Chadden Hunter akiwa na timu ya BBC kule Wood Buffalo, hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Canada, ni kundi la mbwa mwitu kama 25 wanaowinda baisoni (nyati wa kule) katikati ya baridi kali. Kipindi kilirushwa 2011, hayo mambo ya wagonjwa na walinzi yakabandikwa miaka ya mbele na mtu wa mitandaoni tu. Walioipiga wenyewe walieleza kinyume kabisa, kwamba anayetangulia ni jike kiongozi, yeye ndo anapasua theluji, na wengine wanakanyaga humo humo alipokanyaga ili wasimalize nguvu. Swali lako la mgonjwa na theluji limeshajibu nusu ya uzi huu.

Sasa alfa. Hii habari ilianzia kwenye banda, sio porini. Mwaka 1947 kuna mtafiti anaitwa Rudolf Schenkel aliandika alichokiona kwa mbwa mwitu waliofungiwa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wanyama wazima waliowekwa pamoja kwenye uzio mdogo, wakawa wanapigania nafasi kila siku. Yaani chukua watu wasiojuana, wafungie selo moja, angalia wanavyogombania godoro, halafu uandike kwamba hivi ndivyo familia ya binadamu inavyoishi. Mmarekani David Mech akaja kuyaeneza hayo kwenye kitabu chake cha 1970 ambacho kiliuzika vibaya mno.

Lakini huyo huyo Mech kuanzia 1986 akawa anaenda kila kiangazi kisiwa cha Ellesmere, Canada ya juu kabisa huko karibu na ncha ya dunia, ambako mbwa mwitu hawaogopi watu kwa sababu hawajawahi kuwindwa sana, anakaa karibu na shimo lao anawaangalia wakilea. Mwaka 1999 akaandika wazi kwamba kundi la kawaida porini ni baba, mama na watoto wao. Basi. Watoto wa mwaka huu, wa mwaka jana, pengine na wa mwaka juzi. Unayemwita alfa ni mzazi, na hakuna cheo alichopigania, alipata mwenza wakazaa. Mech alimuomba mchapishaji aache kukichapa kile kitabu, ikachukua miaka mingi sana, kimekuja kusimamishwa 2022. Semina za uongozi hazijapata taarifa.

Kuhusu kula: mzoga ukiwa mkubwa wanakula wote kwa pamoja, pua kwa pua, kelele nyingi damu chache. Chakula kikiwa kidogo wazazi ndo wanaamua nani apate, na mara nyingi wanawapa wadogo kwanza. Mbwa mwitu mzima anaweza kushindilia kilo 9 kwa mlo mmoja, kisha anapiga safari kilometa nyingi hadi kwenye shimo, watoto wanamrukia wanamlamba pembe za mdomo, naye anatapika nyama yote pale. Mbwa wako akikulamba mdomo ukitoka kazini ujue anadai yake.

Mtaa wa Saba

Kuanzia leo mbwa wangu hanilambi tena.

Babu Njia

Salamu kutoka Minnesota, Marekani. Mimi ni Mkenya, naendesha lori, kila wiki napanda highway 53 kutoka Duluth kwenda International Falls mpakani na Canada, kwa hivyo hawa jamaa ni majirani. Minnesota ndio pale ambapo hawakuwahi kumalizwa, majimbo karibu yote mengine ya Marekani, ukiacha Alaska, walipigwa risasi na kuwekewa sumu mpaka wakaisha, hapa walibaki msituni kaskazini na sasa ni elfu mbili na ushee.

Niseme tu nilichokiona kwa macho, maana watu hudhani ni kama German shepherd mkubwa. Sio. Majira ya baridi mmoja alivuka barabara mbele yangu asubuhi, nikapunguza mwendo, na kitu cha kwanza unaona ni miguu, mirefu halafu imekaribiana kifuani hakuna nafasi, alafu nyayo kubwa kupita kiasi, mkia umening'inia chini tu haukunjwi juu kama wa mbwa. Hakukimbia. Alikuwa na ule mwendo wao wa kuteleza, mguu wa nyuma unatua pale pale wa mbele umetoka, yaani ukiangalia alama kwenye theluji pembeni utasema ni mnyama wa miguu miwili amepita. Akasimama ukingoni akaangalia lori, akaona halina maana, akaingia kwa miti. Huo mwendo wanaweza kuushika usiku mzima, mbio kali kabisa za kilometa 60 kwa saa ni za muda mfupi tu.

Na kitu hawaonyeshi kwa TV: hapa karibu kuna hifadhi ya Voyageurs, watafiti wamewavisha kola za GPS, wamekuta kiangazi kila mmoja huwinda peke yake, hakuna cha kundi. Anachagua mahali kando ya bwawa la biva (wale wanyama wa majini wanaokata miti na kujenga mabwawa), anajificha upande ambao upepo hautapeleka harufu yake, analala hapo masaa na masaa mpaka biva atoke majini kukata mti. Na wanakula bluberi (matunda madogo ya porini)! Mwaka 2017 walimuona mmoja anatapikia watoto bluberi tupu. Alfa male wa bluberi, mwambie huyo wa semina.

Mama Tausi

Mimi nauliza la maana, hao wanyama wanakula watu au la? Maana mwanangu ameenda kusoma Canada mwezi wa tisa na nyie mnanipa presha na mastori ya kuvuka barabara.

Porini Daima

Mama Tausi lala usingizi mama. Inatokea lakini ni nadra mno. Alaska 2010 mwalimu mmoja aliuawa akifanya mazoezi ya kukimbia nje ya kijiji, na hiyo kesi inatajwa mpaka leo kwa sababu zenyewe zinahesabika kwa vidole vya mkono. Matukio mengi ya zamani Ulaya na Asia yalikuwa ya kichaa cha mbwa, au sehemu ambazo wanyama wa kuwinda wamekwisha na watoto wa watu wanachunga mifugo peke yao. Mwanao Canada aogope zaidi barabara yenye barafu. Na asiwatupie chakula, anayezoeshwa chakula cha watu ndo anakuja kuwa tatizo.

Kisoda wa Musoma (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu, nimeshapata cha kumuuliza huyo jamaa akirudi. Ila Porini Daima nina swali la kichokozi. Kama ni familia tu, baba mama na watoto, mbona naona kwenye video wanauana vibaya? Na hao watoto wakikua wanakaa hapo hapo milele?

Porini Daima

Swali zuri. Tuanze na watoto. Wanazaliwa mwezi wa nne hivi, mimba ni siku 63 kama ya mbwa wa kawaida, wanne hadi sita. Wakifika mwaka mmoja mpaka mitatu wengi wanaondoka kutafuta mwenza na ardhi, na hapo ndo safari za ajabu zinatokea. Kuna dume alivishwa kola Slovenia 2011, akapewa jina Slavc, mwezi wa 12 akaondoka kwao katikati ya baridi, akakatiza Austria, milima ya Alps, akavuka mito na barabara kuu, zaidi ya kilometa elfu moja mpaka milima ya Lessinia juu ya Verona, Italia, na pale akakutana na jike aliyekuwa anatangatanga peke yake naye. Watu wakampa jina Juliet, si unajua tena Verona, mji wa Romeo na Juliet. Wakazaa na wale mbwa mwitu wengi wa eneo lile leo chimbuko ni hao wawili. Sasa hapo nani kampigania nani?

Kuuana kupo, lakini sana sana ni kundi na kundi, kugombania ardhi. Yellowstone, Marekani, wa mwisho waliuawa 1926, wakarudishwa 1995 na 1996, 31 kutoka Canada, na kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna kuwindwa, kinachoua mbwa mwitu wengi kuliko chochote ni mbwa mwitu wa kundi jingine. Ndio maana wanakojolea mipaka kila wanapopita na wanalia ule mlio mrefu ambao kwenye uwazi unasikika hata kilometa 15, kuwaambia majirani tupo na tuko wengi, kaeni huko. Na hapa kuna jambo litakalomuua kabisa mtu wa semina: watafiti wa Yellowstone waliangalia mapigano ya makundi kwa miaka mingi wakakuta kundi lenye mzee ndani yake lina nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Kwenye kuwinda mzee ameshachuja, nguvu ya kuwinda inafika kilele akiwa na miaka 2 au 3 hivi halafu inashuka, ila vitani ana uzoefu, anajua lini pa kusimama na lini pa kukimbia. Kwa hiyo hakuna kundi lenye akili litamtanguliza mzee akafe.

Mtaa wa Saba

Sasa hivi umesema familia tupu hakuna kupigania cheo. Mimi nimesoma mahali kuna jike Yellowstone aliuawa na ndugu zake wenyewe. Tusikaririshane mkuu.

Porini Daima

Hahaha nilijua atakuja mtu na hiyo. Ni kweli, na ni stori inayostahili kuelezwa yote, sio kurushwa nusu.

Kundi linaitwa Druid Peak, bonde la Lamar, Yellowstone. Kule wanawapa namba badala ya majina. Kulikuwa na jike namba 40, mkali kupita maelezo, kwanza alimfukuza mama yake mzazi akakalia nafasi, halafu akawa anamnyanyasa dada yake namba 42, anamwangusha chini, anamng'ata, huku 42 hajibu, anajilaza tu. 42 alipozaa 1999 watoto hawakuonekana, wafuatiliaji wanashuku 40 alikwenda shimoni akawaua. Mwaka 2000 42 akazaa tena, kwenye shimo lake mbali kidogo. Jioni moja 40 akaonekana anaelekea kule. Kesho yake asubuhi 40 kakutwa kajaa majeraha ya meno shingoni, akafa. Usiku ule majike hawakukubali tena.

Sasa angalia kilichofuata, hapo ndo utamu. 42 aliwabeba watoto wake kwa mdomo mmoja mmoja akawapeleka kwenye shimo la 40, akawalea pamoja na watoto wa yule yule adui yake, na jike wa tatu naye akaleta wake. Watoto 21 mwaka ule, 20 wakakua. Mwaka uliofuata Druid walifika 37, kundi lililovunja rekodi.

Na dume wa hilo kundi ni namba 21, huyo ndo wangemuweka kwenye slaidi. Baba yake mzazi alipigwa risasi na mtu hata yeye hajazaliwa vizuri, akalelewa na dume wa kambo, namba 8, ambaye alikuwa mdogo mdogo na ndugu zake walikuwa wanamuonea. 21 alikaa kwao miaka miwili na nusu akilea wadogo zake, watu walimuona anapeleka chakula na kukaa na mtoto mmoja dhaifu ambaye wenzake walikuwa wanamkwepa. Alipohamia Druid 1997 hakumpindua mtu, madume wa pale walikuwa wameshapigwa risasi nje ya hifadhi, akaingia akakubali kulea watoto ambao sio wake. Rick McIntyre, aliyekuwa anawafuatilia kila siku pale bondeni, anasema 21 hakuwahi kushindwa pambano na hakuwahi kumuua aliyeshindwa, alikuwa anamwachia anaondoka. Na nyumbani anacheza na watoto anajiangusha mwenyewe wampande mgongoni.

Kwa hiyo mkuu Mtaa wa Saba, ndiyo, kundi likiwa kubwa na majike wengi wanaozaa, ugomvi wa nafasi unatokea. Lakini aliyetawala kwa meno alidumu muda mfupi, na familia nyingi hazifiki huko kabisa.

Mtaa wa Saba

Aisee. Nilikuja kubishana nimeishia kumuonea huruma 42.

Kisoda wa Musoma (mleta uzi)

Na wanawindaje sasa, ni kweli wana mpango, mmoja anazunguka kule mwingine anasubiri huku?

Babu Njia

Ngoja nijibu hii, nilihudhuria maongezi kwa kile kituo chao cha mbwa mwitu pale Ely, mji wa huku Minnesota. Mara nyingi hakuna mpango wa kijeshi. Wanatembea mpaka wakutane na mnyama, wanamjaribu. Wanamkimbiza kidogo huku wanamsoma, nani anachechemea, nani anabaki nyuma. Elki (kulungu mkubwa wa kule) akisimama akawageukia bila kukimbia, mara nyingi wanamwachia wanaenda zao, maana teke moja linavunja taya na mbwa mwitu mwenye taya iliyovunjika amekwisha. Majaribio mengi hufeli, zaidi ya nane kati ya kumi kwa elki mzima. Mbwa mwitu wa kwenu Afrika wale wenye mabaka wanawashinda mbali kwa kupata.

Porini Daima

Naongezea kidogo, kwa elki wakishakuwa wanne hivi, kuongezeka idadi hakuongezi tena mafanikio, wengine wanabaki nyuma wanasubiri kula tu. Kwa baisoni ni tofauti, yule ni hatari zaidi, pale wingi unasaidia hata wakizidi kumi. Kumbuka picha yako, wale 25 wa Wood Buffalo walikuwa wanakula baisoni. Wingi wao una sababu.

Mama Tausi

Na ile video ya kwamba waliporudi hapo Yellowstone mito ikabadilika njia? Kanisani tumeonyeshwa.

Porini Daima

Mama hiyo ina ukweli ndani ila imetiwa chumvi. Elki wa kaskazini mwa hifadhi walikuwa kama 19,000 katikati ya miaka ya 90, wakashuka hadi kama 4,000 kufikia 2013, na miti ya kando ya mito sehemu zingine ikaota tena. Lakini dubu nao waliongezeka, simba wa milimani (puma) walirudi, na watu walikuwa wanawinda hao elki nje ya mpaka. Na kuna sehemu miti haijarudi mpaka leo kwa sababu biva walishaondoka, hakuna mabwawa, maji yako chini. Watafiti wanabishana mpaka kesho.

Nasieku Loliondo

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi naongoza watalii Serengeti na Ngorongoro, nataka kuwaambia hamna haja ya kwenda Minnesota. Yule tuliyekuwa tunamwita bweha wa dhahabu, mnayemuona kwenye nyasi fupi Ndutu na ndani ya kreta, mwaka 2015 wataalamu wa jeni walitangaza sio ndugu mmoja na bweha wa dhahabu wa Asia, yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu, sasa anaitwa mbwa mwitu wa Afrika. Kamwili kadogo, kilo kumi hivi. Na maisha ni yale yale anayosema Porini Daima: dume na jike wanakaa pamoja, watoto wa mwaka jana wanabaki kusaidia kulea wadogo, wanatapika nyama shimoni. Patricia Moehlman aliwafuatilia Serengeti miaka ya 70 akaonyesha hayo. Msimu wa swala tomi kuzaa wanawinda wawili wawili, mmoja anamvuruga mama swala, mwingine anachukua mtoto.

Kisoda wa Musoma (mleta uzi)

Kumbe tunao hapa hapa! Dada Nasieku, namtofautishaje na bweha wa kawaida nikija na familia?

Nasieku Loliondo

Angalia mgongo. Bweha wa kawaida ana blanketi jeusi lenye mvi limekatwa wazi kabisa na ubavu wake ni mwekundu. Huyu hana, ni rangi ya majani makavu mwili mzima, mkia ncha nyeusi, miguu mirefu kidogo. Njoo mwezi wa pili, ukiingia kretani geti likifunguliwa tu asubuhi unampata bado anatembea, jua likipanda anajilaza kwenye nyasi na hutamuona. Na mwambie dereva asikimbilie simba kwanza.